Nilisoma 17 Nikadhani 70: Siku Bekapu Yangu Ilipogoma

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, ya tatu mfululizo, na nilichokuwa nakitaka ni chai na kitanda. Laptopu ilikuwa juu ya meza ya jikoni, imewaka, na katikati ya kioo kuna kisanduku kidogo: bekapu haikukamilika, kuna hitilafu ya diski. Chini yake namba ndefu inayoanza na 0x8007. Nikabonyeza, kisanduku kikaondoka. Nikaenda kulala.

Ndivyo nilivyofanya kwa karibu wiki tatu. Mimi, ambaye kazini nikimwona mwanafunzi anazima kengele ya mashine bila kumtazama mgonjwa, humwita pembeni nikamsema.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Sisi tunaoishi nje tumezoea kuweka maisha yote ndani ya laptopu moja. Vyeti, vibali vya kuishi, hati za kuzaliwa za watoto, picha za harusi ambayo nusu ya ukoo hawakuja kwa sababu ya viza. Nyumbani kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Huku sanduku letu ni hilo lenye kioo na vitufe, na wengi wetu hatujui lina afya gani.

Langu lilikuwa na mambo matatu ya maana. La kwanza ni folda ya kazi. Muuguzi aliyesajiliwa Uingereza lazima athibitishe usajili wake upya kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, NMC, kila baada ya miaka 3: saa 450 za kazi, saa 35 za kujiendeleza, tafakari 5 za kuandika, na mengine. Ushahidi wake unautunza mwenyewe, usije ukaombwa. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi minne. La pili ni nakala za vyeti vyangu vya stashahada na matokeo yake, ambavyo kuvipata upya kutoka nyumbani ni safari ndefu ya barua, ada na kusubiri.

La tatu ni sauti ya baba. Mwaka mmoja kabla hajafariki nilikwenda likizo Pangani, nikamkalisha barazani jioni baada ya jioni, nikamrekodi kwa simu. Mafaili 11. Anaeleza babu zake walitokea wapi, nani alimwoa nani, shamba la minazi limepakana na nani upande gani. Niliyahamishia kwenye laptopu, na vizuri nilifanya hivyo, maana simu ile niliisahau ndani ya basi miezi michache baadaye. Tangu hapo sauti ya baba ilikuwa mahali pawili tu: kwenye laptopu na kwenye diski ya nje iliyokuwa inafanya bekapu kila usiku.

Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Namba mbili kama mapacha

Mwezi Desemba programu ya bekapu iliwahi kugoma. Nikaitafuta namba yake, 0x80070070, nikakuta maana yake ni nyepesi: diski unayoandikia imejaa. Nikafuta bekapu za miaka ya nyuma, nikabakiza nafasi ya kutosha, usiku ule kazi ikakamilika. Nikajisifu mbele ya baba watoto kwamba na mimi sasa ni fundi.

Februari kisanduku kikarudi. Siku nilipoamua hatimaye kukishughulikia, niliitupia namba jicho moja, nikaona 0x800700 na kitu, nikasema hii ni ile ile, imejaa tena. Nikafuta bekapu ya Desemba, iliyokuwa nzima, ili kuipa mpya nafasi. Programu ikaanza upya, ikafika katikati, ikagoma. Kesho yake hivyo hivyo. Ndipo nilipokaa chini nikaisoma namba taratibu, tarakimu kwa tarakimu, kama ninavyosoma jina la dawa kabla ya kuichoma.

0x80070017. Siyo 70. Ni 17.

Niwaeleze tofauti, maana imenigharimu. Mwanzo wa namba hizi, ule 0x8007, unasema tu kwamba kosa limetoka kwenye Windows. Habari yenyewe iko kwenye tarakimu nne za mwisho. 0070 ni kukosa nafasi. 0017 ni jambo jingine kabisa: kompyuta imesoma kipande cha diski, ikalinganisha na hesabu ya uhakiki iliyohifadhiwa wakati kile kipande kinaandikwa, na hesabu hazikulingana. Wauguzi wenzangu watanielewa nikisema ni kama kuhesabu dawa zinazodhibitiwa wakati wa kupokezana zamu. Watu wawili, daftari moja, vidonge vinahesabiwa. Daftari likisema 20 na mkononi kuna 19, hakuna kuendelea mpaka ijulikane. Diski nayo, ikiona alichoandika jana sicho anachokisoma leo, hukataa kutoa kitu chenye makosa, na programu ya bekapu husimama hapo.

Kwa hiyo kisanduku kile kilikuwa kinaniambia kwa wiki tatu kwamba kuna mahali diski imeanza kuoza, nami nikajibu kwa kufuta nakala pekee iliyokuwa nzima.

Kama utakumbuka jambo moja katika makala hii, kisanduku cha namna hiyo kipige picha kwa simu kabla hujakifunga. Namba nzima.

Ni diski ipi inayoumwa?

Mdogo wangu anatengeneza kompyuta Kariakoo. Nilimpigia saa nne usiku ya huku, ambayo kwao ilikuwa saa saba usiku, akapokea akidhani kuna msiba.

"Dada, ile bekapu ya zamani bado ipo?"

"Nimeifuta."

"Umeifuta mwenyewe?"

Nikanyamaza. Akasema, "Pole dada. Basi hiyo diski ya nje usiiguse tena." Lakini tulikuwa tumeshachelewa. Kitu kilichofutwa wakati mwingine huweza kufufuliwa kama hakijaandikiwa juu yake. Mimi nilikuwa nimeiacha programu iandike juu yake usiku baada ya usiku.

Hapo nikafanya kosa la pili, ambalo naliona kwa watu wengi. Kwa kuwa ujumbe ulisema hitilafu ya diski, na diski ninayoiona kwa macho ni ile ya nje, nikaamini mgonjwa ni huyo. Nikaenda dukani nikanunua mpya kwa pauni hamsini na kitu. Nikaichomeka, nikaanzisha bekapu, na baada ya dakika kumi nikapata namba ngeni: 0x8007045D.

Mdogo wangu alicheka. Namba hii maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya kompyuta na kifaa yamekatika katikati ya kazi. Haisemi diski ni mbovu. Inaweza kuwa diski, lakini inaweza pia kuwa waya, au tundu la USB, au kile kigawanyio chenye matundu manne tunachokinunua kwa bei rahisi na kukichomekea kila kitu. Diski ndogo za nje hazina umeme wake. Zinakula umeme kutoka tundu la USB, na kigawanyio kisicho na chaja yake mara nyingi hakiwezi kuzishibisha.

Wodini, oksijeni ya mgonjwa ikisoma 78 ghafla huku mgonjwa mwenyewe anakuhadithia habari za wajukuu wake, hukimbilii kumpigia daktari kabla ya kutazama kile kifaa cha kidoleni. Kidole kina baridi? Kuna rangi ya kucha? Waya umelegea? Nilijiona mjinga kwamba najua haya kwa binadamu na sikuyafikiria kwa mashine. Nikaondoa kigawanyio, nikachomeka diski moja kwa moja kwenye laptopu kwa waya mpya uliokuja nayo. 045D haikuonekana tena.

Ila 17 ikarudi. Na ilirudi mahali pale pale, karibu kiasi kile kile cha kazi.

Hili ndilo lililotufungua macho. Diski mbili tofauti za nje, waya mbili tofauti, kosa moja mahali pamoja. Kilichokuwa kimoja katika yote ni laptopu. Bekapu ina pande mbili, inasoma huku na kuandika kule, na ujumbe wa "hitilafu ya diski" haukuambii ni upande gani mpaka uutafute. Mdogo wangu akanionyesha programu inapoandika kumbukumbu za kazi yake, ukurasa ambao sikuwahi kuufungua. Mstari wa mwisho kabla ya kugoma ulitaja faili lililoishinda kusoma.

Lilikuwa ndani ya folda ya baba.

Tukahakikisha kwa njia rahisi ambayo hata wewe unaweza kuifanya: nikajaribu kulinakili lile faili kwa mkono kwenda diski mpya, bila programu ya bekapu kabisa. Mstari wa kijani ukaenda, ukasimama, kompyuta ikaganda, kisha kosa lile lile. Basi mgonjwa alikuwa diski ya ndani ya laptopu.

Diski karibu zote hujipima zenyewe na kuandika majibu, mfumo unaoitwa SMART, na kuna programu za bure za kuyasoma. Sisi tulitumia CrystalDiskInfo. Diski ya nje ya zamani, ile niliyoituhumu, ilikuwa na rangi ya buluu, nzima. Ya ndani ilikuwa ya njano. Kuna mistari mingi pale na mingi haikuhusu. Tazama ule wenye alama 05, vipande vilivyokwisha kuharibika vikabadilishwa na vya akiba. C5, vipande vinavyoshukiwa na vinavyosubiri hukumu. Na C6, vilivyoshindikana kabisa. Mbele ya herufi C7 yakiongezeka makosa, mara nyingi lawama ni ya waya wa ndani kuliko diski. Kwangu C5 iliandika sifuri nyingi kisha 18. Nikasema, si mbaya, kumi na nane tu. Mdogo wangu akanisahihisha kwamba programu ile, usipoibadilisha, huandika namba kwa hesabu ya kumi na sita ya kompyuta, kwa hiyo 18 hiyo ni 24 ya kwetu. Na hata ingekuwa moja, kwa diski yenye sauti ya baba ndani yake, moja ni nyingi.

Okoa kwanza, tiba baadaye

Ukiuliza watu, wengi watakwambia: endesha chkdsk. Ni amri ya Windows ya kukagua diski, na mahali pake inafaa sana. Ukiiandika na /f inarekebisha mpangilio wa mafaili, kwa mfano laptopu ilipozimika ghafla. Ukiiandika na /r inafanya hayo na pia inapekua diski nzima kutafuta sehemu mbovu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

"Dada, usithubutu," mdogo wangu alisema. "Hiyo diski ni mgonjwa mahututi, wewe unataka kumkimbiza mbio za nyika."

Sababu yake ni hii. Kupekua diski nzima ni kazi ya saa nyingi, na diski inayokufa inaweza kufia humo humo. Zaidi ya hayo, chkdsk haipo kwa ajili ya kuokoa picha zako. Ipo kwa ajili ya kuifanya diski itumike tena. Ikikuta kipande kibovu katikati ya faili inakitenga na kusonga mbele, na kilichokuwemo humo ndiyo basi. Kwa hiyo utaratibu ni kutoa vitu nje kwanza, ndipo ukarabati, kama diski inastahili ukarabati. Yangu haikustahili.

Nilitoa kwa mpangilio wa thamani. Nikafunga kila programu, nikaanza na folda ya baba, faili moja moja. Tisa zilipita. Namba 4 na namba 7 zikakataa, nami sikung'ang'ania. Kila ukilazimisha unaiumiza diski. Kisha vyeti, kisha folda ya NMC, zote salama. Kisha picha za watoto. Filamu za Kihindi alizozihifadhi baba watoto nilisema zitasubiri, na hajanisamehe mpaka leo.

Usiku wa Ijumaa tukafanya kazi kubwa. Mdogo wangu alinielekeza kwa video kuwasha laptopu kwa Linux kutoka kwenye kijiti cha USB, bila kuigusa Windows, na kutumia programu ya bure iitwayo ddrescue. Yenyewe inanakili diski nzima kama ilivyo, hadi kipande cha mwisho. Uzuri wake ni akili: ikifika penye ubovu haiganzi pale, inaruka, inachukua kwanza vyote vilivyo vizima, ndipo inarudi kwenye vibovu na kuvijaribu kidogo kidogo. Na inaweka ramani ya ilipofika, kwamba umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Lakini si kitu cha kuchezea peke yako mara ya kwanza. Ukikosea ukaandika diski ya kupokea mahali pa diski ya kutoa, unaifuta ile uliyotaka kuiokoa. Mdogo wangu alinifanya nimsomee amri nzima kwa sauti mara mbili kabla hajaniruhusu kubonyeza.

Wenye laptopu mpya kidogo mna jambo la ziada. Nyingi siku hizi zimefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, na nakala ya diski iliyofungwa nayo inakuwa imefungwa. Ufunguo wake wa tarakimu 48 kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft uliyoanzia nayo kompyuta. Utafute leo, uuandike kwenye karatasi, hasa kama akaunti ile uliifungua kwa barua pepe ya chuo ambayo itazimwa ukihitimu. Wanafunzi, nawatazama ninyi. Na kama diski yako inatoa mlio wa tik-tik au kukwaruza, usifanye hata moja ya haya: zima, peleka kwa watu wanaookoa data kwa kazi. Ni ghali. Diski za SSD hazina sauti yoyote, na zinaweza kufa bila kukohoa.

Alfajiri sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kunakiliwa. Vile vipande vichache vilivyobaki vilichukua mpaka adhuhuri, na mwisho wake zikabaki kilobaiti 8 zisizosomeka kwenye diski ya gigabaiti 500. Nikaifungua nakala. Faili namba 4 lilikuwa limetoka zima. Namba 7 lilifunguka.

Nilikaa jikoni na koti langu la kazi, nikasikiliza. Baba anakohoa, anamwomba mtu maji, anaanza. Shamba la minazi, kusini limepakana na barabara, magharibi na msikiti wa zamani, kaskazini na fulani bin fulani. "Na mashariki," anasema, "limepakana na shamba la mzee..." Hapo sauti ikakatika, kama sekunde moja hivi. Ikarudi: "...na huyo tulitahiriwa naye siku moja."

Kilobaiti nane.

Nikampigia shangazi Pangani, Jumamosi mchana, nikamweleza. Habari za diski hazikumwingia hata kidogo. Nilipomsomea maneno ya baba alicheka, akalitaja jina bila kufikiri, pamoja na jina la baba yake yule mzee na ugomvi wao wa mwaka fulani juu ya mbuzi. Nililiandika kwenye karatasi, nikaliandika na kwenye faili la maandishi, nikaliweka kando ya lile namba 7.

Laptopu sasa ina SSD, na bekapu ya kwanza ilipita bila neno. Niliifungua na kurudisha mafaili matatu kutoka ndani yake ili kuona kama kweli yanafunguka, jambo ambalo kwa miaka yote sikuwahi kulifanya. Diski ya nje ninaichomoa kazi ikiisha, siiachi imechomekwa wiki nzima. Nakala nyingine iko mtandaoni, na ya tatu, iliyofungwa kwa nywila, alikwenda nayo mdogo wa baba watoto aliposafiri kwenda Dar mwezi Aprili. Inakaa kwa mama, ndani ya sanduku la bati. Ile diski ya zamani iliyougua nimeibandika karatasi yenye tarehe na kuitia kwenye droo. Mdogo wangu ananiambia niitupe. Bado.

Shangazi ameomba rekodi zote 11 zitumwe kwa WhatsApp. Nimemtumia kama mafaili ya kawaida, siyo kama ujumbe wa sauti, ili mwenye kuyapokea aweze kuyahifadhi yakiwa na majina yake. Amejibu kwamba namba 2 baba amedanganya kuhusu umri wake, na anataka arekodiwe na yeye.